Jibu: Ramani mbili za ubongo wa mama zimetofautiana, tuamini ipi?

Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kwa nini mama, baada ya kiharusi, alipimwa mara mbili akitaja majina ya picha, na ramani ya mawasiliano ya ubongo (inayoonyesha sehemu zipi hufanya kazi pamoja) ikatoka tofauti ndani ya wiki mbili. Usiogope, si lazima ubongo wake umebadilika.

MRI, mashine ya sumaku inayotoa ramani hizo, haisikii seli za ubongo zikizungumza. Inafuatilia oksijeni kwenye damu, na mabadiliko yake hufika kilele sekunde 5 hivi baada ya seli kufanya kazi. Sasa mtu akisema "kikombe", taya linashuka, kichwa kinasogea kidogo, pumzi inabadilika. Mwaka 2012 mtafiti wa ubongo Jonathan Power na wenzake walionyesha kuwa hata misogeo isiyofika milimita moja huzua uhusiano wa uongo kati ya sehemu za ubongo, na waliopimwa walikuwa wamejilaza tu bila kusema neno! Uchambuzi wa tafiti nyingi wa 2019 nao ulikuta uthabiti wa uhusiano mmoja mmoja kati ya sehemu mbili za ubongo, mtu akirudiwa kupimwa, ni wastani wa 0.29 tu, ukamilifu ni 1.

Wastani wa kundi la watu nauamini zaidi kuliko ramani ya mtu mmoja. Waulize waliompima mama alipimwa dakika ngapi, na kichwa kilisogea kiasi gani. Mimi ningemsikiliza mama mwenyewe: maneno yaliyomkwama wiki iliyopita, leo anayatamka?