Aaron Donald alistaafu akiwa bado moto
Umeuliza kama Donald, mlinzi wa futiboli ya Marekani, alistaafu 2024 kwa sababu kiwango kilishuka. Hapana kabisa! Misimu 10 NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, na yote 10 aliitwa Pro Bowl, yaani kikosi cha nyota wa msimu, hata ule wa mwisho.

Timu ya Rams ilimchukua 2014, chaguo la 13 katika uteuzi wa wachezaji wapya, huku wengi wakimwona mfupi mno kwa mlinzi wa mstari wa mbele. Akaja kuwa mchezaji bora wa ulinzi mara 3: 2017, 2018 na 2020.

Lakini katazame fainali ya NFL ya Februari 2022. Rams wanaongoza 23-20, wapinzani wao Bengals wamebaki na jaribio la mwisho la kusogeza mpira. Donald anapenya, anamdaka Joe Burrow, kwotabeki (mrusha mpira) wa Bengals, na kumzungusha, mpira unatupwa ovyo. Ubingwa ukapatikana hapo hapo. Kwangu hajatokea mlinzi wa kati kama yeye kizazi hiki.