Mkono Ulioshazoea

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Umeniuliza kama chuo kinakubadilisha, maana mmemwandika mwenzenu kwenye kazi ya kikundi ambayo hakuigusa, na wewe hukusikia lolote moyoni. Huko kutosikia lolote ndiko kulikonikalisha na kalamu usiku huu.

Mwaka wangu wa kwanza nilimsainia rafiki karatasi ya mahudhurio. Siku ile mkono ulitetemeka. Muhula wa pili nilikuwa nawasainia watu watatu huku napiga soga. Miaka minne baadaye, nikiwa ofisa ugavi, nililetewa hati ya kupokea saruji ambayo sikuiona kwa macho. Nikasaini. Sikuhongwa wala kutishwa, mkono ulikuwa umeshazoea tu. Muulize baba yako nililalaje wakaguzi walipokuja.

Mjomba wangu alikuwa Mlimani, chuo kikuu cha Dar es Salaam, Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Rais, Mwalimu Nyerere, aliwafukuza karibu 400, kisha akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sisemi vijana wale hawakuwa na hoja. Ila mjomba, hata uzeeni, kilichomkera ni kimoja: bango alilobeba alikabidhiwa na wenzake, hakulisoma.

Na chuo hichohicho kilinipa kingine. Nilimbeba chumbani kwangu msichana aliyekosa chumba, mwaka mzima, kitanda cha futi mbili na nusu, kichwa huku miguu kule. Mimi kitinda mimba, niliyekuwa sigawi hata sabuni! Bumu, hela yetu ya kujikimu, lilipochelewa tulikula ugali na maharage sahani moja, na nilijifunza kusubiri mwenzangu amege kwanza. Nilijifunza pia kumwambia ukweli tukiwa tumegombana, kwa sababu usiku hapakuwa na pa kukimbilia. Ndoa yangu inaudai mwaka ule shukrani.

Kazi mnaikabidhi Ijumaa, kwa hiyo bado muda upo. Mtafute mwenzenu leo, umuulize kilichomkwamisha. Kama ni njaa, au anafanya kibarua usiku, mgawie chakula, mpe kipande chake akiandike hata kama kitakuwa kifupi. Akikataa, jina litoke. Umwambie wewe mwenyewe, uso kwa uso, usimtume kiongozi wa kikundi.

Kisha nipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako