Mdukuzi asibaki hotelini! Mita 6, ndugu yangu, mita 6

Usifanye hivyo. Umeandika kwamba Jumamosi hii hapo Bagamoyo unaanzisha Cyberpunk RED, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, na wachezaji wanne, na mdukuzi wako atakaa chumba cha hoteli upande wa pili wa Night City, jiji la mchezo, aingilie mfumo wa mnara kwa mbali huku wenzake wakipigana ndani ya mnara huo. Ukauliza zamu zake uzihesabu vipi, umpe deki gani, yaani kompyuta yake ya kudukulia, na aanze na programu zipi. Hilo la hoteli lifute leo hii. Nililifanya mimi hapa Tanga, likanivunjia kundi.

Mkanganyiko ulianzia kwenye namba. Kuna mchezo unaitwa Cyberpunk 2020, huo ulichapishwa mwaka 1990. Na kuna RED, huu wako, ambao ndio uliotoka mwaka 2020. Mimi nilikuwa mgeni kabisa, nikamuuliza jamaa mmoja aliyejitangaza kuwa mzoefu: sheria za udukuzi nisome wapi? Akanijibu, "Chukua za 2020, zote kitu kimoja." Si kitu kimoja! Mtu hajafungua hata sura yenyewe, anakuelekeza kwa sauti ya uhakika, na wewe unayebeba lawama mbele ya wageni wako yeye hakuoni. Hadi leo nikikumbuka moyo unanichemka. Kama hujui, sema hujui, mwenzako akatafute kwingine.

Katika ule wa zamani mdukuzi anaweza kukaa kwake akavuka nusu ya dunia kwa laini ya mbali. Katika RED njia hiyo haipo, na hadithi yenyewe inasema kwa nini: mwaka 2022 wa mchezo, Rache Bartmoss, mdukuzi mashuhuri wa hadithi hiyo, aliuangusha mtandao wa dunia nzima. Kufika 2045 iliyobaki ni mitandao midogo, kila mmoja umejifungia ndani ya jengo lake. Ukiitaka siri ya jengo, nenda kwenye jengo.

Sasa sikia usiku wangu. Tulikuwa watano, nyumbani kwangu Ngamiani, ramani nimeichora kwa chaki juu ya meza, visoda ndio wahusika. Mdukuzi nikamweka ndani ya gari, mitaa mitatu kutoka ghalani. Akaanza kushuka mfumo, ambao hupangwa kama ghorofa: nywila, faili, programu mlinzi ya kwanza, tena nywila. Kila hatua dadu, kila dadu maelezo. Wenzake wamesimama mlangoni mwa ghala wanamsubiri awafungulie. Wawili wakatoka kwenda kununua mishikaki, wakala hukohuko, wakarudi, wakamkuta bado ghorofa ya tatu ya mfumo. Ilipita saa moja na nusu! Dada mmoja fundi cherehani wa Makorora, aliyekuwa akicheza mpiganaji wetu, na ndiye aliyekuwa na kipaji kuliko sisi sote, akakunja karatasi yake akasema, "Mimi nimekuja kucheza, sikuja kutazama." Akaaga kwa adabu. Nilimpigia simu mara mbili baada ya hapo, hakurudi. Wiki iliyofuata walikuja wawili, iliyofuata hakuja mtu.

Ndiyo maana nakuandikia kwa ukali. Kanuni ni hii, ibandike ukutani: mdukuzi lazima awe ndani ya mita 6 kutoka kwenye lango la mfumo, yaani mahali anapojiunganishia, na zamu yake inakuja kwenye foleni ileile ya wenzake. Mzunguko mmoja ni sekunde 3 kwa wote. Ikifika zamu yake anachagua: ama afanye tendo la mwili kama kufyatua bunduki, ama atumie matendo yake ya NET, yaani ya ndani ya mfumo. Anayeanza huwa na daraja la 4 la udukuzi, hivyo ana matendo 3 ya NET kwa zamu. Amalize matatu, anyamaze, apokee mwingine. Usimruhusu aende hadi chini ya mfumo wakati wenzake wanapiga miayo.

Na akivuka hizo mita 6 amekatika vibaya: kila mlinzi wa Black ICE, yaani programu inayomshambulia mdukuzi, aliyekutana naye humo bila kumwangamiza anampiga anapotoka. Hapo ndipo utamu ulipo, na mimi niliutupa.

Nilipopata kundi jipya nilikata kipande cha kamba ya katani. Mraba mmoja wa ramani ni mita 2, basi kamba yangu ikawa na urefu wa miraba mitatu. Ncha moja nikaibana chini ya kisoda cha lango, nyuma ya kaunta ya ghala. Kila mtu mezani akaona mdukuzi anaweza kwenda hadi wapi. Walinzi wa ghala wakaingia kwa mlango wa nyuma, mpiganaji akasimama mbele ya kaunta kumkinga, fundi wa magari akawa anapiga kelele awashe injini au asiwashe. Mwenzao mmoja, kwa nia njema, akamvuta mdukuzi shati kumwokoa na risasi. Kisoda kikapita ncha ya kamba. Kule ndani alikuwa amemwacha Hellhound, mmoja wa Black ICE hao, mzima: dadu 2 za pande 6 moja kwa moja kwenye ubongo, na nguo zikashika moto. Meza nzima ilisimama! Hakuna aliyetoka kununua kitu.

Deki ya kawaida yenye nafasi 7 za kuwekea programu inamtosha, usihangaike nayo.

Kamba ndiyo ya kuhangaikia. Mtoe mdukuzi hotelini, mwingize mnarani na wenzake, na lango liweke mahali ambapo watu wenye silaha wana sababu ya kupita. Na usiliweke chumba cha chini chenye mlango mmoja wa chuma, maana watajifungia humo na utakuwa umerudi kwenye gari langu la mitaa mitatu. Mnara wako una vyumba gani? Nichoree hapa kabla ya Ijumaa, nitakuonyesha pa kuliweka.