Gari ya bondi bila logibuku

Boss, umeuliza kama ni salama kununua gari ya bondi ambayo dila (muuza magari) hana logibuku yake, yaani kadi ya umiliki. Kama gari bado iko bondi, yadi ya forodha inakokaa kabla ya kulipiwa ushuru, na haijawahi kuvaa namba za Uganda, kukosa logibuku ni kawaida, inatoka ushuru ukishalipwa na gari ikasajiliwa, kwa hiyo hapo wewe omba cheti cha kutolea gari Japani ulinganishe namba ya chesisi na ile iliyogongwa kwenye gari yenyewe. Ila kama tayari ina namba na dila anakwambia "logibuku inakuja wiki ijayo", shtuka, huenda iko kwa mkopeshaji kama dhamana. Mimi nilizungushwa miezi minne hapahapa Kampala. Usimalizie hela kabla hujashika logibuku na fomu za transfa (za kuhamisha umiliki) zilizosainiwa na mwenye jina lililo kwenye logibuku, na uwe na TIN yako, namba ya mlipa kodi.