Mhisiwa au mshukiwa wa kipindupindu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Nachingwea. Fomuni tunaandika "mhisiwa", ila redioni nasikia "washukiwa wa kipindupindu". Jirani yangu alilisikia hilo akawaka: mwanawe anaharisha, hajaiba kuku wa mtu. Lipi sahihi?

JIBU: Marahaba. Kisarufi yote yamenyooka. Shuku huzaa shukiwa, hisi huzaa hisiwa. Tanguliza m- umpate mtendewa, kama mshtakiwa na mteuliwa. (Mshukiwa anaweza pia kuwa aliyeshukiwa na pepo, lakini hayo tuwaachie waganga.)

Matumizi ndiyo yanayoamua. Mshukiwa tumemzoea kituo cha polisi, kwa hiyo jirani yako ana haki ya kununa. Mimi nasimama na mhisiwa, na sababu kubwa naiona kwenye kazi yenyewe.

Wataalamu wa epidemiolojia, yaani wanaofuatilia jinsi magonjwa yanavyoenea, hawangoji majibu ya maabara ndipo waanze kuhesabu. Huweka vigezo kwanza: dalili zipi, mahali gani, tangu lini. Anayevitimiza anaandikwa mhisiwa. Kumbuka Ruangwa, Julai 2022. Watu walipata homa, kichwa kikawauma, wakachoka, wakatokwa na damu puani. Vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko-19 vikatoka hasi. Ilipotangazwa kuwa ni homa ya mgunda, yaani leptospirosisi, wagonjwa walioripotiwa walikuwa 20, na watatu kati yao walishafariki.

Kabla jina la ugonjwa halijajulikana, silaha iliyopo ni maelezo ya watu: homa ilianza siku gani, maji unateka wapi, umelima bonde lipi? Bakteria wa mgunda hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, wakaingia kwenye maji na udongo, kwa hiyo jibu la "nateka kisima kile" lina uzito. Ukimwita mtu mshukiwa hakupi jibu hilo. Atahamia kwenye mikorosho ya mjomba wake mpaka mpite.

Angalia pia "wahisiwa waliothibitishwa", naikuta hata kwenye taarifa rasmi. Akishathibitishwa si mhisiwa tena, ni mgonjwa. Vipimo vikitoka hasi, anaondolewa kwenye hesabu.

Mhisiwa mwenyewe mwache fomuni. Ukibisha hodi kwa jirani, sema: "Mama, tunahofia isije ikawa kipindupindu, twende tukampime mtoto."