Hunuki, ila hunisikilizi

Meseji za "nipe dawa ya kukata harufu fasta" nimezifuta zote, nshajibu mpaka nimechoka. Hizi ndo zilizobaki.

Dokta, nikipanda daladala watu wanashika pua, wanafungua dirisha. Wife anasema sinuki, nahisi ananionea huruma tu. Naoga mara tano kwa siku.

Kaka, daladala ya Mbagala asubuhi nani hafungui dirisha? Mkeo mnalala kitanda kimoja humuamini, ila abiria aliyejikuna pua unamuamini! Huku kuamini unanuka wakati hunuki ni ugonjwa na unajulikana, Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake iliyoanza kutumika 2022, kundi moja na la wale wanaonawa mikono mpaka inachubuka. Tatizo haliko kwapani. Nenda kitengo cha afya ya akili hospitali ya rufaa ya mkoa, kuna tiba ya mazungumzo ambayo unafundishwa kupanda hiyo hiyo daladala bila kujinusa, bila kujipulizia pafyumu, unakaa na hofu mpaka inashuka yenyewe, na kuoga unapunguza kidogo kidogo mpaka ufike kama watu wengine. Kuna na vidonge kama fluoxetine au sertraline, daktari ndo anaandika, vinachukua wiki kadhaa, wengine mpaka 12, sasa we usimeze siku nne ukaja hapa kusema havifanyi kazi. Na acha kumuuliza wife "nanuka?" kila saa, jibu lake linakutuliza dakika tano afu unarudi kuuliza tena, hapo unaulisha ugonjwa.

Shabu inasaidia?

Harufu ya kwapa inapunguza. Hofu haipunguzi.

Nitajuaje kama nanuka kweli?

Harufu za kweli zipo, meno mabovu, vijiwe kwenye tonsili, jasho lililozidi, na kuna ugonjwa adimu wa kurithi mtu ananuka kama samaki. Kapime. Ukiambiwa huna kitu umemaliza, sio unazunguka hospitali tano unatafuta atakayekubali kwamba unanuka.

Najiosha ukeni na maji ya ndimu kila kabla ya kwenda kanisani, nahisi waliokaa nyuma yangu wanasikia.

Dada acha leo hii! Uke unajisafisha wenyewe, ukiosha ndani unaua bakteria wanaoulinda na hapo ndo unaikaribisha harufu uliyokuwa unaiogopa. Hao wanaowauzia vidonge vya "kunukia ndani" mtandaoni wanakula hela kwa hofu zenu, na wenye sabuni za bei mbaya nao ni wale wale.

Mdogo wangu kaacha chuo, hatoki chumbani, anasema ananuka bora afe.

Wewe ulitakiwa uwe wa kwanza kuniandikia. Usimwambie "acha ujinga", kwake ye hiyo harufu ipo kweli. Muulize wazi kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumpandikizii hilo wazo. Usimwache peke yake, dawa na sumu za panya toa humo ndani, mpeleke hospitali leo, hata usiku huu. Maombi na mganga visubiri, akishaonwa na daktari mtaendelea na mengine.