Plagi zimelowa petroli: kabla hujanunua pampu, tafuta moto wa plagi

SWALI: Habari fundi. Nina Carina TI ya 1998, injini 5A, automatiki, niko Morogoro. Jumamosi nilipeleka kuoshwa, vijana wakaosha mpaka injini kwa ile mashine ya presha. Nikawasha likawaka ila linatetemeka balaa, nikalisogeza kama mita 10 kumpisha mwenzangu nikazima. Toka hapo halijawaka tena. Stata inapiga, harufu ya petroli kali mpaka ndani ya gari. Fundi wa kwanza katoa plagi zote nne zimelowa chapachapa, akasema pampu inaleta mafuta mengi, nikanunua pampu. Hamna kitu. Wa pili kasema nozeli zote zimekufa. Wa tatu kasikiliza stata inavyozunguka akasema timing beti imekatika. Nisaidie kaka, nakaribia kuliuza kwa kilo.

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na pole zaidi kwa hela ya pampu, maana hiyo imeenda bure. Ngoja nianze na hapo hapo kwenye pampu. Kwenye gari za EFI (zinazopulizia mafuta kwa kompyuta, bila kabureta) za aina yako pampu siku zote inasukuma mafuta mengi kuliko injini inavyohitaji, kuna kidude kinaitwa regyuleta pale mwisho wa reli ya nozeli, vile vidude vinavyopulizia petroli kwenye injini, ndo kinapima presha na kinachozidi kinarudishwa kwenye tenki. Kwa hiyo pampu ikifa inaleta mafuta machache au haileti kabisa, haiwezi kukulowesha plagi. Na nozeli nne kufa zote siku moja, tena siku gari limetoka kuoshwa? Mmh. Labda zilikuwa na kikao.

Sasa umeandika mwenyewe jibu kwenye swali lako, limeoshwa injini, likawaka linatetemeka. Kutetemeka maana yake kuna silenda hazichomi. Injini ya 5A plagi zake zimekaa chini kabisa kwenye visima, maji ya presha yakiingia mle hayana pa kutokea, yanakaa yameizunguka plagi na moto, yaani ile cheche, badala ya kuruka kwenye ncha unakimbilia kwenye bodi kupitia majimaji. Hivohivo na distributa, ile inayogawa moto kwa kila plagi, unyevu ukiingia chini ya kifuniko moto unapotea humo humo. Huku nozeli hazijui kama moto haupo, zenyewe zinaendelea kumwaga kila ukipiga stata, alafu injini ya baridi ndo kontroboksi (kompyuta ya injini) inaongeza dozi. Ukachanganya na kule kusogeza mita 10 ukazima, hapo ndo ukamaliza kazi, maana plagi inatakiwa ipate joto la kama nyuzi 450 hivi ndo ijisafishe yenyewe na kwa mita 10 haijafika hata karibu.

Yaani mafuta kuzidi mara nyingi siyo ugonjwa wenyewe, ni petroli iliyokosa wa kuichoma.

Na yule wa tatu nisimcheke sana, hata mimi ningesita. Petroli ikizidi ndani ya silenda inaosha ile oili inayosaidia ringi kuziba, kompresheni (mgandamizo ndani ya silenda) inashuka, stata inazunguka kwa kasi laini kabisa kama haina mzigo, sauti ile ile ya timing beti iliyokatika, ule mkanda unaozungusha kamshafti. Tofauti yake ni rahisi ila watu wavivu kuangalia: fungua kifuniko cha kuwekea oili, mwingine apige stata sekunde moja tu, wewe chungulia kwa tochi. Ukiona kamshafti (shafti ya juu inayofungua valvu) inazunguka beti ni nzima. Dakika moja, bila kufungua hata nati.

Cha kufanya sasa. Chomoa soketi za nozeli zote nne kwanza, sirudii hili mara mbili, maana kupiga stata plagi zikiwa nje kunarusha mvuke wa petroli kwenye zile tundu na ukiwa unajaribu moto pembeni yake unajichoma wewe na gari na nyumba ya jirani. Puliza visima kwa kompresa KABLA ya kutoa plagi, ukitoa kabla maji na mchanga vyote vinaingia ndani ya silenda. Alafu toa plagi, piga stata sekunde tano mpaka kumi, pumzika, rudia, utaona ukungu wa petroli unatoka. Usipige mfululizo nusu dakika, stata inachemka na betri inalala, na betri ikilala ndo moto unazidi kuwa dhaifu, watu wengi hapo wanajizungusha wenyewe siku nzima hawajui.

Ukiacha tundu wazi robo saa hivi zikauke, weka kijiko kidogo cha oili safi kwenye kila silenda kurudisha kompresheni. Plagi, kama ni nzee nunua mpya tu, plagi iliyolowa usiichome kwa kiberiti kama wafanyavyo wengine. Gepu (nafasi ya kwenye ncha ya plagi) ya injini hii ni kama milimita 0.8. Fungua kifuniko cha distributa, kausha kwa kitambaa, angalia ndani kama kuna mistari myembamba myeusi kama kalamu ya risasi imepita kati ya nguzo na nguzo, ukiiona hicho kifuniko tupa, moto umeshajitengenezea njia na hautaiacha. Na waya za plagi pima ukinzani kwa mita ya umeme, kila mmoja ukizidi kilo-omu 25 umechoka.

Kujaribu moto sasa, mbali na zile tundu, visima vikiwa vimefunikwa kitambaa: plagi ya akiba kwenye waya, bodi yake imegusa chuma cha injini, mtu apige stata. Moto wa bluu wenye sauti ya tak tak, safi. Wa njano mwembamba au hamna, usiguse nozeli za watu, rudi kwenye distributa.

Moto ukiwepo, rudisha plagi na soketi zote, kanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini na uishikilie, usiipampu, piga stata. Kontroboksi nyingi zikiona pedeli iko chini kabisa wakati wa stata zinakata nozeli, na hata isipokata angalau hewa inaingia nyingi. Litakohoa, litatoa moshi mweusi na harufu, likishika achia pedeli taratibu na uliache lichemke kabisa, usilizime baada ya dakika moja kwa furaha.

Kama ukifanya yote hayo na moto upo na bado plagi zinalowa, hapo ndo nakubali tuongelee mafuta. Chomoa ule mpira mdogo wa vakyumu kwenye regyuleta, unatakiwa uwe mkavu. Ukinusa petroli au ukaona imelowa, ngozi ya ndani imechanika na injini inanyonya petroli mbichi kupitia mpira huo. Kosa hili linawasumbua mafundi kweli kwa sababu nozeli ukizipima zote nzima. Kingine sensa ya joto la maji, ile inayoongea na kontroboksi siyo ile ya geji. Kwenye nyuzi 20 inatakiwa isome kama kilo-omu 2 mpaka 3, kwenye 80 ishuke mpaka omu 200 mpaka 400. Ikidanganya kwamba injini ina baridi muda wote inamwagiwa mafuta kama iko Makete mwezi wa saba wakati iko Morogoro jua la saa saba. Unaweza pia kuunganisha kwa waya matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha kupimia pale chini ya boneti, ufungulie swichi bila kuwasha, uhesabu taa ya injini inavyokonyeza: mbili, kimya, mbili, hiyo ni kodi (namba ya kosa) 22, sensa ya joto. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika haijaona kosa, ila sensa inayodanganya kidogo tu haitoi kodi, kwa hiyo mita haikwepeki.

Likishawaka chomoa stiki ya oili unuse. Ikinuka petroli au usawa umepanda, mwaga oili weka nyingine kabla hujasafiri nalo, oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi mno kulinda bearingi. Na pampu yako ya zamani kama fundi hajaondoka nayo mdai, nina hakika ni nzima.

SWALI: Shikamoo fundi, mimi ni dereva boda, pikipiki yangu asubuhi inachuruza petroli kwenye mpira wa chini ya kabureta na kuwaka ni mpaka nitoe plagi niifute. Mchana haina shida. Nibadilishe kabureta?

JIBU: Marahaba. Usibadilishe kwanza. Ndani ya kabureta kuna floti (boya) inayosukuma kasindano kufunga mafuta yakijaa, uchafu ukikaa chini ya kasindano hako au ncha yake ikilika mafuta hayakatiki, usiku kucha yanashuka taratibu kutoka kwenye tenki. Mchana unatembea unayachoma ndo maana huoni. Gonga kibakuli cha chini kwa mpini wa bisibisi mara mbili tatu, ikikata ulikuwa uchafu, ifungue usafishe na uangalie chujio la kwenye koki. Isipokata nunua kasindano peke yake, ni bei ndogo sana. Wakati unasubiri funga koki kila ukilaza pikipiki, na kesho asubuhi kabla hujapiga kiki nusa oili, kama ilikuwa inachuruza hivo muda mrefu kuna iliyoshuka mpaka kwenye injini.